Redio ya Mama na Walinzi Watatu

Kosa nililofanya mwanzoni kabisa lilikuwa kuweka walinzi watatu kwenye kompyuta moja. Nilikuwa nimejifunza mwenyewe, kwa video na kwa mabaraza ya mtandaoni ambako watu wasiojuana husahihishana kwa hasira, na nilikuwa nimesoma kwamba programu ya kuzuia virusi ni lazima. Labda mahali fulani waliandika pia kwamba moja inatosha. Kwa jinsi nilivyo, nisingeamini. Mimi ni mtu wa kurudi mlangoni kuhakikisha nimefunga, halafu kurudi tena kuhakikisha kwamba nilipohakikisha sikufungua. Nikaona kama moja inaleta usalama, tatu zitaleta usingizi.

Walinzi hao hawakupatana. Kila mmoja alimwona mwenzake mvamizi. Ukiwa umetulia unasoma kitu, kisanduku chekundu kinachomoza pembeni mwa skrini: kuna hatari, unaruhusu au unazuia? Ukijibu, cha pili kinatokea kulalamikia jibu lako. Mama alikuwa akiitumia kompyuta hiyo kuangalia ratiba yake ya kazi, naye alichoka mapema.

"Baba," aliniita kutoka sebuleni, maana tangu utotoni ananiita hivyo, "hiki kidude chako kinauliza tena."

"Bonyeza ruhusu, mama."

"Ruhusu nini?"

"Ruhusu tu. Kila kikitokea, wewe ruhusu. Wanagombana wenyewe kwa wenyewe."

Ndivyo nilivyomfundisha mama yangu kuruhusu. Nilimfundisha vizuri, na yeye ni mwanafunzi mwepesi.

Wakati huo tulikaa Walthamstow, mashariki mwa London, ghorofa ya juu ya duka la vitambaa, sisi watatu: mama, mdogo wangu wa kike na mimi. Asubuhi tuliamshwa na kishindo cha majora yakishushwa chini, kishindo laini, kama mtu mzito anayejitupa kitandani. Kompyuta niliinunua mtumba mwisho wa soko, kwa bwana mmoja aliyeiweka katikati ya mabegi ya safari. Niliifungua, nikaipangusa vumbi kwa brashi ya rangi, nikaibadilisha kumbukumbu, na ilipowaka nilihisi nimemfufua mtu. Tuliiweka kwenye meza karibu na dirisha. Nilikuwa najua maneno ya siri ya kila mtu nyumbani, kwa sababu niliyatunga mimi, na nilijivunia hilo. Nilijiona kama baba mwenye nyumba aliyeshika funguo zote.

Mama anafanya kazi ya kea. Anakwenda majumbani kwa wazee, anawaogesha, anawalisha, anawasikiliza. Alikuwa akitoka gizani asubuhi na kurudi alasiri, na Disemba hiyo alirudi gizani pia. Siku moja, bado hajavua koti, alisimama dirishani akaniambia jambo ambalo sikuwahi kulifikiria.

"Unajua hata nyumbani jua linazama sasa hivi?"

Nikapiga hesabu. Ni kweli. Miezi mingine giza letu na lao hupishana sana, lakini Disemba jua la London huwahi mno kwenda zake hata likakutana njiani na la Korogwe. Kwetu ilikuwa alasiri, watoto bado wanatoka shule, na kwao ilikuwa magharibi. Giza liliingia kotekote kwa pamoja. Tukasimama tukiangalia taa za soko zikiwaka moja moja, na kwa muda sikuwa na hakika ni kuni za wapi ninazozinusa.

Ndiyo saa hiyo mama alipowasha redio.

Lazima nieleze kuhusu salamu. Kabla sijazaliwa, mama alikuwa mwanasalamu. Alinunua kadi zile, akazijaza kwa mwandiko wa kulala, akazituma redioni: jina lake kamili, ni binti wa nani, anatokea wapi, anawasalimu akina nani, na ujumbe. Kisha anakaa jikoni kwa bibi akisubiri mtangazaji asome. Kusomwa ilikuwa kitu kikubwa. Mji mzima unakusikia. Kesho yake sokoni watu wanakuita kwa jina lako la redioni na kukuuliza kwa nini hukuwasalimu na wao. Baba yangu, ambaye siku hizi anaishi kule na familia nyingine, alimfahamu kwanza hivyo, kama jina linalopita hewani. Alituma salamu kwa msichana asiyemjua, na msichana akajibu. Ukinichimba kwenye mizizi, mimi nimetokana na salamu.

Kwa hiyo kiungo kilipoletwa kwenye kundi la WhatsApp la akina mama wa mkoa wao, kikisema kuna programu ya kompyuta inayorudisha salamu za zamani, mama hakusita. Alikifungua. Kisanduku chekundu kikachomoza. Akaruhusu. Cha pili kikachomoza. Akaruhusu.

Na redio ikaimba. Nikisema sikuipenda nitakuwa nadanganya. Kila alasiri, giza likiingia, sauti za kule zilijaa sebule: taarabu kidogo, matangazo ya mazishi, mvua ikipiga bati mahali fulani nyuma ya mtangazaji. Mvuke wa sufuria ulifunika dirisha, na taa za mabasi zikapita nyuma yake kama samaki wa rangi. Nilikaa sakafuni nimeegemea kochi, na wasiwasi wangu, ambao huwa hauketi, uliketi.

"Hii redio inataja watu kama mwalimu anayeita majina darasani," alisema mdogo wangu. Yeye amezaliwa huku. Kiswahili anakisikia chote, lakini hujibu kwa Kiingereza, na mama humjibu kwa Kiswahili, na hakuna hata mmoja anayeona ajabu.

"Cheka tu," mama alisema. "Siku nikitajwa utataka kupiga picha na mimi."

Lakini hakutajwa. Alikuwa ameshajaza kadi ya salamu iliyokuwa humo kwenye programu, akatuma, akasubiri. Kila jioni alipunguza moto wa jiko kipindi kilipoanza, ili mchuzi usichemke kwa kelele. Mtangazaji alisoma majina ya watu wa Handeni, wa Muheza, wa Same. La mama halikuja.

"Foleni ni ndefu," alisema, na kuongeza moto.

Mwaka mpya ulipoingia mwenye nyumba alitujulisha kwamba anauza jengo, duka la vitambaa na sisi tulio juu yake. Ilibidi tupate pengine kabla majira hayajageuka. Mama aliipata nyumba mtaa wa pili tu, nyumba yenye jiko pana na dirisha linaloangalia mti wa pea uliokuwa mkavu kabisa. Alisimama jikoni humo, dalali akiongea habari za mabomba, na nikaona macho yake yamekwenda mbali. Alikuwa ameshapanga masufuria.

Dalali alipiga simu siku chache baadaye. Alikuwa kijana mpole, na upole wake uliniogopesha. Alisema wamekagua jina la mama, kama wanavyokagua la kila mpangaji, na jina halikupita. Kulikuwa na simu kadhaa za gharama zilizochukuliwa kwa mkopo kwa jina hilo katika mji mmoja wa pwani, na hazijalipiwa.

"Mimi nina simu moja," mama alisema aliponisikia nikirudia maneno yale, "na kioo chake kimepasuka."

"Mama, uliwahi kwenda mji huo?"

"Hata bahari ya nchi hii sijaiona."

Dalali alikubali kusubiri kidogo. Zaidi ya hapo, alisema, angelazimika kuwapa wengine.

Mama alipiga simu kwenye kampuni iliyotoa simu hizo, nami nikakaa karibu yake. Mwanamke wa upande wa pili alitaka kwanza kuhakikisha anaongea na mwenye jina. Akamuuliza maswali ya usalama. Mama alijibu moja, akajibu la pili, na kwenye la tatu akaambiwa amekosea. Mtu yule wa pwani alikuwa ameshalibadilisha jibu.

Mama alishusha simu mapajani. "Kwa hiyo yule mwizi ananijua mimi kuliko mimi?"

Mdogo wangu alicheka, mpaka alipouona uso wangu. Mimi nilikuwa nimeshika ukingo wa meza. Jina hili ndilo mama aliloandika kwenye viza, kwenye vyeti vya kazi, kwenye mkataba wa kila chumba tulichokaa, na nilikuwa nimejipa kazi ya kulilinda bila kuombwa na mtu. Sasa kulikuwa na mwanamke mwingine, au mwanamume, anayetembea ufukweni amelivaa kama koti.

Kwa siku kadhaa niliishi ndani ya mashine ile. Nilikagua faili kwa faili. Niliwashuku majirani, nikashuku mtandao wa wanafunzi wa nyumba ya pili, nikashuku maneno yangu ya siri, ambayo yalikuwa marefu na ya kutisha hata mimi nilikuwa nikiyakosea. Walinzi watatu nao walipiga kelele zao za kawaida. Kila mmoja aliniambia ameona hatari, na hatari aliyoiona ilikuwa mwenzake.

Halafu Jumamosi moja, mchana, nikiwa nimechoka kiasi cha kukosa hata wasiwasi, niliwaondoa wawili. Sikuwa na hoja. Nilitaka kimya tu. Nikamwacha mmoja, nikamwambia akague kila kitu, nikaenda kuosha vyombo. Niliporudi, skrini ilikuwa imetulia kama maji ya mtungini. Palikuwa na ilani moja tu, na chini yake jina la programu moja.

Ilikuwa redio.

Niliikagua kwa mikono iliyokuwa bado na povu. Matangazo yenyewe yalikuwa ya kweli, yaliyochukuliwa kwa redio halisi ya huko na kupitishwa humo. Lakini nyuma ya nyimbo palikuwa na kitu kinachosikiliza. Kilirekodi kila herufi iliyobonyezwa na kuituma mahali nisipopajua. Na pale mbele, palipoandikwa Tuma Salamu Zako, palikuwa na kadi.

Mama alikuwa jikoni anachambua mchele.

"Mama, kwenye ile kadi ya salamu uliandika nini?"

"Salamu."

"Na nini kingine?"

"Walichouliza. Jina, siku ya kuzaliwa, ninapokaa."

"Jina la ukoo la bibi?"

"Ndiyo."

"Shule ya kwanza uliyosoma?"

"Ndiyo. Sasa watu watajuaje ni mimi? Kule jina langu wanalo wengi. Lazima useme wewe ni wa nani." Akasita, mkono ukiwa ndani ya sinia. "Kwani vipi?"

Nikamweleza. Nilijaribu kueleza taratibu, lakini mimi nikiogopa huongea kama anayesoma mashtaka. Nilimwambia kwamba maswali yale ndiyo yaleyale ambayo benki na kampuni za simu hutumia kumtambua mtu. Kwamba hakuna mtangazaji aliyeiona kadi yake. Kwamba haikuwa foleni.

Aliendelea kuchambua kwa muda. Alitoa kijiwe, akakiweka pembeni.

"Hakuna aliyeisoma," alisema.

"Kuna aliyeisoma, mama. Ndiyo shida yenyewe."

Sikupaswa kusema hivyo. Alipangusa mikono kwenye khanga, akaenda chumbani, na mchele ukabaki kwenye sinia nusu umechambuliwa.

Niliifuta kompyuta yote, picha zetu nikiwa nimeziokoa kando. Nilikwenda maktaba kutumia mashine ya watu wengine kubadilisha maneno ya siri, kwa sababu yetu nilikuwa siiamini tena. Tulitoa taarifa benki, na kwa wale wanaotunza rekodi za mikopo, wakaweka tahadhari kwenye jina lake ili mtu akilitumia wamuulize kwanza yeye. Mama alipeleka pasi na barua za kazini kuthibitisha kwamba siku ambazo simu zilichukuliwa alikuwa Walthamstow, akimvisha mzee soksi. Kampuni ya simu ilichukua muda wake. Jibu lilipokuja, lilikuwa fupi: jina lake limesafishwa.

Dalali naye alikuwa amesubiri alivyoweza. Nyumba yenye mti wa pea ilikuwa imekwenda kwa watu wengine.

Majuma yale nyumba ilikuwa na kimya ambacho sijawahi kukisikia. Giza liliingia bila mtangazaji. Mchuzi ulichemka kwa kelele na hakuna aliyepunguza moto. Nilikuwa nimepata nilichokuwa nikikitaka siku zote, kompyuta isiyo na doa, na nilikaa mbele yake bila kuwa na kitu cha kufanya nayo. Alasiri moja nikiwa korido, nilimsikia mama akinong'ona jikoni. Nikadhani anaongea na simu. Alikuwa anatoa salamu. Aliwataja watu wa kwao mmoja mmoja kwa sauti ya mtangazaji wa zamani, akiyaambia masufuria, na mwisho akajitaja yeye mwenyewe, na ni binti wa nani.

Nilirudi chumbani nikakaa kitandani. Kwangu jina lilikuwa kitu cha kufungiwa. Nililiona hivyo tangu nilipoanza kusoma mambo haya, na sikuwahi kuuliza mtu mwingine yeyote nyumbani analionaje.

Siku iliyofuata nilitafuta ile redio halisi, yenye anwani yake yenyewe, isiyohitaji kupakua kitu wala kujisajili. Nilimtengenezea mama sehemu yake kwenye kompyuta, isiyo na uwezo wa kuingiza programu mpya bila kuniita. Nilimwonyesha kisanduku cha mlinzi aliyebaki.

"Huyu haongei ovyo sasa," nilimwambia. "Akisema kitu, usiruhusu. Niite."

"Wewe ndiye uliyesema niruhusu."

"Najua, mama. Nilikosea."

"Haya." Akavuta kiti. "Na maswali ya benki?"

Hapo tulikwama. Nilimshauri kile ninachoamini mpaka leo, kwamba majibu ya maswali ya usalama yasiwe ya kweli. Wakiuliza jina la ukoo la mama yako, andika jina lingine lolote.

Alinitazama kama nimemwambia avue nguo barabarani. "Nimkane mama yangu?"

"Si kumkana. Ni kwenye kompyuta tu."

"Kompyuta ndiyo imenishuhudia kwa watu mwezi mzima kwamba mimi si mimi. Leo nikaiambie na mama yangu si mama yangu?"

Ni mdogo wangu, aliyekuwa amelala kochini na simu yake, aliyesema bila kuinua kichwa, "Kwani bibi hakuwa anawadanganya watu? Wakigonga mlango wasiotakiwa?"

Mama alifikiri. Taratibu uso wake ukalegea. Bibi, alisema, alikuwa na jina la mlangoni. Wakija watu asiowaelewa wakauliza mwenye nyumba ni nani, alitaja jina fulani la ajabu, akasema huyo mama amesafiri, warudi wiki ijayo. Watoto walikuwa wakijificha nyuma ya pazia wakijiziba midomo wasicheke. Watu wale walirudi wiki iliyofuata wakimuulizia huyo mama, na bado alikuwa safarini.

"Basi tumia hilo," nikasema. "Nitajie nilichape."

"Ondoka hapo mbele." Alinisukuma kwa bega. "Hili nachapa mwenyewe."

Nikageukia dirishani. Nyuma yangu nilisikia vidole vyake vikibonyeza polepole, herufi moja, kisha nyingine, na kicheko chake kidogo cha puani. Nje siku zilikuwa zimeanza kurefuka. Jua lilikuwa bado juu ya mapaa ya soko ilhali Korogwe kumeshaingia giza, na redioni mtu alikuwa anawasalimu wote wanaomjua.

Sasa tunakaa karibu na reli, katika nyumba yenye jiko dogo linalotetemeka treni ikipita. Mama hutuma salamu zake kwa ujumbe wa sauti kwa dada yake Korogwe, ambaye huzijaza kwenye kadi na kuzipeleka redioni kwa mkono, na ameshasomwa. Kompyuta yetu ina mlinzi mmoja. Ninaikagua Jumamosi, kisha naifunga na kutoka. Neno la siri la mama, alilotunga mwenyewe, silijui.